Kiti Chenye Breki Mbili

Kiti kile cha magurudumu hakikuwa chake. Kilikuwa cha marehemu mama yake Badria, mke wa mwanawe, na tangu mwenyewe afariki kilikunjwa nyuma ya mlango wa stoo, kikafunikwa shuka, na Bimdogo kila akipita hapo alikuwa akitazama upande wa pili. Kwa hiyo asubuhi ile ya Ijumaa, alipomkuta mwanawe Nasr uani kwao Ibra, Oman, anakipangusa vumbi, alijua kuwa yamemfika.

"Cha nani hicho?" aliuliza, ingawa alijua.

"Chako mama, kwa leo tu," alisema Nasr. "Uwanja wa Sur mchanga mtupu, na watu maelfu. Ukianguka je?"

"Nimeanguka lini mimi?"

"Mwezi wa Ramadhani."

"Nilijikwaa. Kujikwaa siko kuanguka."

Nasr aliendelea kupangusa. Ni mtu mzima wa miaka arubaini na sita, mkuu wa idara ofisini kwake, amezoea kuwa akishasema jambo limekwisha. Nyumbani husema kwa sauti ya chini na adabu zote, samahani mama, tafadhali mama, lakini jambo linakwisha vile vile. Heshima ya namna hiyo inachosha kuliko ugomvi, maana huoni pa kuishika.

Bimdogo ana miaka sabini na mbili. Magoti yake yana kelele, hilo hakatai, lakini kila alfajiri huenda kwa miguu yake mpaka kwenye mitende yao na kurudi kabla wengine hawajafumbua macho. Angeweza kugoma siku ile. Angesema, basi siendi, kaeni na tamasha lenu. Lakini hilo ndilo neno moja asiloweza kulisema, na ndiyo sababu alikikalia kiti cha mtu aliyekufa, akaweka mkoba mapajani na kunyamaza. Badria, mke wa Nasr, alimfunika miguu kwa blanketi. Ilikuwa Januari, lakini jua lilikuwa limeshakolea.

Aliyeanzisha yote haya ni mjukuu wake Rahaf, anayesoma chuo kikuu Nizwa na kurudi nyumbani mwisho wa wiki. Wiki mbili nyuma alikuja na simu yake mpaka jikoni.

"Bibi, ona! Mahrajani ya Sur, tamasha kubwa, kuna watu ya Tabora wanakuja kuimba. Si huko kwenu?"

Bimdogo alifuta mikono, akaichukua simu. Kikundi cha taarabu cha kina mama, wamevaa sare ya kijani. Katikati yao amesimama mwimbaji mmoja mtu mzima, mwenye mwanya, shingo kailaza kidogo upande wa kushoto. Akairudisha simu. Kisha akaiomba tena. Chini ya picha paliandikwa jina: Bi Rahila Sleyum.

"Unamjua?" aliuliza Rahaf.

"Nitamjua wapi," alisema Bimdogo, na akageukia sufuria yake. Chumvi aliitia mara mbili siku ile, na mchuzi ukaliwa hivyo hivyo.

Nyumba nzima inajua kuwa Bimdogo ni mtoto wa pekee wa Mzee Sleyum, aliyekuwa na duka Tabora. Mumewe, marehemu Thuwaini, alijua hivyo. Wakweze walijua hivyo. Wanawe wanne wamekua wakijua hivyo, na wamewaambia watoto wao. Ukweli ni kwamba Mzee Sleyum alikuwa na mabinti wawili. Mama yake Bimdogo alikufa binti akiwa wa kunyonya, na aliyemlea, aliyemlisha uji na kumfundisha kutembea, ni mke wa pili, Mama Kalunde, Mnyamwezi wa palepale Tabora. Baada ya miaka minne Mama Kalunde naye akamzaa Rahila. Wasichana wakakua kitanda kimoja. Jina la Bimdogo alirithishwa kutoka kwa bibi yake, lakini ndiye aliyekuwa mkubwa, na Rahila alikuwa akimcheka kwa hilo tangu alipoweza kucheka.

Ulipofika wakati wa Waarabu wengi kurudi Oman, Mzee Sleyum alikata tiketi mbili. Mbili, si nne. Usiku wa kuamkia safari Rahila aliuliza mbona sanduku ni kubwa hivyo, na Bimdogo, aliyeshaambiwa kila kitu na kuapishwa, akamjibu kuwa wanakwenda Dar kumtibu baba macho. "Nitarudi Ijumaa," alisema. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Walipofika huku baba yake akamwambia njia nzima ya kutoka uwanja wa ndege: ukiulizwa, huna ndugu, una mimi tu. Alichelea posa ya Thuwaini isije ikavunjika, watu wakianza kuchunguza nani mama wa nani. Posa haikuvunjika.

Hayo angeweza kumtupia baba yake, na marehemu hajibu. Lakini baada ya miaka kumi na sita ilifika barua. Aliileta mtu mmoja aliyetoka Kigoma, akaitoa mfukoni imekunjwa mara nne. Rahila ameandika kuwa Mama Kalunde yu mgonjwa wa kufa, hataki dawa wala mganga, anataka kusikia neno moja tu kutoka kwa Bimdogo, hata salamu. Thuwaini alikuwa barazani na wageni. Bimdogo akaisoma jikoni amesimama. Akachukua kalamu ya mtoto wa shule, akaandika chini ya karatasi ile ile: Hapa hapana mtu wa jina hilo. Akamrudishia yule mtu. Hakuna aliyemlazimisha, na baba yake alikuwa kaburini mwaka wa tatu.

Sasa alitaka kitu kimoja: asimame mbele ya Rahila amwambie kwa kinywa chake, ile barua niliandika mimi. Hakutazamia zaidi ya hapo. Kikundi kitaimba mara moja tu, Ijumaa baada ya Alasiri, kisha basi litawachukua moja kwa moja mpaka Maskati kupanda ndege. Rahaf alimsomea ratiba hiyo mara tatu, akidhani bibi yake anasahau.

Barabara ya Ibra mpaka Sur alikuwa akiijua, lakini siku ile aliiona ndefu. Alikaa nyuma katikati ya Badria na Rahaf, na kiti kikagongagonga kwenye buti kila wakipita tuta. Badria ni mwanamke mwema. Alimenya chungwa, akampa kipande kimoja kimoja kama anamlisha ndege, akamuuliza kama anasikia baridi, kama anasikia joto, kama amemeza dawa ya presha. Bimdogo alijibu ndiyo kwa yote.

Uwanja ulikuwa karibu na bahari, umezungushiwa vyuma. Palinukia mishkaki na chai ya maziwa, na vipaza sauti vilikuwa vikubwa kama makabati ya nguo. Vijana wa Sur walikuwa wakicheza razha, wanarusha panga juu na kuzidaka, ngoma zinapigwa mpaka mtu azisikie tumboni. Ingekuwa siku nyingine Bimdogo angefurahi. Nasr alisukuma kiti huku akiomba njia kulia na kushoto, na watu wakapisha, wakamwombea mama afya, na mama mwenyewe akaona aibu ya kuombewa afya aliyokuwa nayo.

"Nimekupatia pahala pazuri mno, mama," alisema Nasr. "Nimempigia simu mtu wa kamati."

Pahala pazuri lilikuwa jukwaa la mbao la wazee, limetandikwa zulia, lina turubai juu na vyuma pande nne. Lilikuwa mbali kushoto, waimbaji wataonekana kwa ubavu. Njia ilikuwa moja, mteremko wa mbao, na kila kiti kikishapanda walifunga mnyororo wa plastiki, kisije kikaporomoka na mzee wake. Nasr akakipanga kiti mstari wa mbele, akainama akabonyeza kitu huku na kitu kule. Tak. Tak.

"Hapo hutikisiki," alisema, ameridhika.

Na kweli. Bimdogo alishika magurudumu akajaribu kuyasukuma, yakakataa. Alipapasa ubavuni asijue cha kushika. Kulia kwake babu mmoja alikuwa amelala kinywa wazi, ngoma zote zile. Kushoto palikuwa na Bi Tahani wa Mudhaibi, aliyemweleza habari ya goti lake la kwanza, la operesheni, na sasa akawa anaingia goti la pili. Mnyororo wa njano ulining'inia mlangoni. Bimdogo alikuwa umbali wa kutupa jiwe na mtu aliyemkimbia miaka hamsini na tatu, na wote waliomzunguka walimpenda, na hakuna hata mmoja ambaye angemwachia apite.

Saa kumi na moja wakatoka kina mama wa Tabora. Violini zikaanza, kisha akodiani, na Rahila akaja mbele polepole, ameshika fimbo mkono wa kushoto. Amenenepa. Miguu imevimba, Bimdogo aliona hata kwa mbali. Lakini aliposhika kipaza sauti alilaza shingo vile vile, na sauti iliyotoka ilikuwa ya Mama Kalunde mwenyewe, nzito, yenye mchanga ndani yake. Bimdogo alijifunika mdomo kwa shela. Rahila aliimba maneno ya kikundi chao wenyewe, ya mtu aliyepikia wageni chakula wasije, akakaa nacho mpaka kikapoa. Wazee wa jukwaani, waliokuwa nusu wamelala, wakaanza kutikisa vichwa. Hata goti la Bi Tahani lilisahauliwa.

Ndipo wanawake walipoanza kuinuka kwenda kutuza. Kila anayeijua taarabu anajua hilo: ukiguswa na maneno hukai, unainuka, unakwenda mbele kwa madaha mpaka alipo mwimbaji, unamtuza, na yeye anakuona nani wewe. Wale wa Maskati waliolelewa Unguja walikwenda mpaka kwenye vyuma vya mbele, na mmoja wa kikundi akashuka kupokea. Bimdogo alivua pete yake. Aliweka miguu chini, akasukuma blanketi, akasimama.

"Mama, kaa," alisema Badria, na mkono wake tayari uko begani.

"Nakwenda kutuza."

"Mama, kaa, tafadhali." Huyu alikuwa Nasr, ameinama sikioni. "Watu wanatazama. Mkurugenzi wangu yule pale na familia yake. Lete pete, Rahaf ataipeleka."

"Kutuza hakuna wakili, Nasr."

"Mama, kaa."

Akakaa. Si kwamba alishindwa nguvu. Alikuwa amezoea miaka mingi kukaa akiambiwa, na magoti yakakunjika yenyewe kabla hajaamua. Rahila alikuwa amefika ubeti wa tatu. Bimdogo akaona kuwa hapana njia ila moja, akapiga moyo konde.

"Yule anayeimba ni ndugu yangu," alisema. "Mdogo wangu. Baba mmoja."

Nasr alimtazama Badria, na Badria akamtazama Nasr. Bimdogo aliujua mtazamo ule. Ndivyo walivyokuwa wakitazamana mwaka wa mwisho wa mama yake Badria, alipokuwa akimwita kila mtu kwa jina la mtu mwingine.

"Umekunywa maji, mama?" Badria alimgusa kipaji. "Jua hili."

"Sijaugua! Yule Rahila. Tumelala kitanda kimoja."

"Mama," alisema Nasr kwa upole wa kutisha, "wewe huna ndugu. Umetuambia mwenyewe. Ulituambia tangu tuko wadogo, kwamba ulikua peke yako, huna wa kucheza naye, ukawa unacheza na paka. Umesahau?"

Paka! Paka yule alimbuni mwenyewe, usiku mmoja, watoto walipong'ang'ania hadithi. Alimpa na jina. Sasa paka amekaa mlangoni penye mnyororo, na hakuna wa kumtoa. Machozi yakamlengalenga Bimdogo, na Badria alipoyaona akazidi kuamini kuwa mama amechoka. Alimpa maji. Wimbo ukaisha, watu wakapiga vigelegele, na kina mama wa kijani wakainama wakatoka kwa nyuma, Rahila wa mwisho, na fimbo yake.

Muda si mrefu ikaadhiniwa Magharibi na vipaza sauti vyote vikazimwa. Uwanja ukatulia kwa ghafla, watu wakaelekea kwenye mahema ya kusalia. Nasr alikwenda upande wa wanaume, Badria upande wa wanawake, na Rahaf, ambaye siku zile hakuwa na sala, akaachwa amlinde bibi. Bimdogo alisali palepale kwenye kiti. Hakuwahi kusali kwa haraka namna ile, na aliomba msamaha wa haraka yake kabla hata hajatoa salamu.

"Rahaf. Hiki kinafunguliwaje?"

"Kiti? Rahisi, bibi. Kiti hii ina breki mbili. Ona, kijiti hii chini, hii hapa." Akamshika mkono akauweka penye vyuma, karibu na gurudumu, nyuma kidogo ya pale alipokuwa akipapasa muda wote. "Vuta, inafunguka. Sukuma, inafunga."

Bimdogo alivuta. Tak. Akavuta na cha pili. Kiti kikacheza chini yake.

"Nipeleke kwa nyuma, walikotokea wale wa Tabora. Kabla baba yako hajamaliza sunna."

Rahaf alimtazama bibi yake usoni. Mtoto yule Kiswahili chake kina mashimo, lakini hakuwa mpumbavu, na jikoni siku ile aliona namna simu ilivyoombwa mara ya pili. Hakuuliza kitu. Akatoa mnyororo, akashika vishikio, wakateremka.

Geti la nyuma lilikuwa jembamba, kadiri ya basi moja kupita, limebanwa na vyuma viwili vizito vyenye miguu ya saruji. Ndani yake basi jeupe lilikuwa limeshawashwa taa, na kina mama wanapakia masanduku ya vyombo. Mlinzi alikuwa mtu wa makamo mwenye masharubu, kavaa kizibao cha kung'aa kilichoandikwa jina lake kifuani, Turki. Alimwamkia kwa adabu na kumwambia kwa Kiarabu kuwa hapa hapaingiwi.

"Nataka kumwona yule mwimbaji mtu mzima. Dakika moja."

"Wote wanataka, hajja. Nina amri. Wanaoingia ni jamaa wa wasanii tu. Wewe ni nani wake?"

Na Bimdogo, aliyesubiri swali hilo tangu picha ile ya jikoni, akajibu: "Tulikuwa majirani."

Ulimi ulijibu wenyewe. Miaka hamsini na tatu ulikuwa umefundishwa kazi moja, na ukaifanya. Turki alitikisa kichwa, samahani sana, na akageuka kumwonyesha dereva njia. Rahaf akasema kwa sauti ndogo, "Bibi?" Bimdogo alijichukia. Alijichukia kwa uchungu mkali, papo hapo, kuliko alivyojichukia miaka yote alipokuwa na nafasi ya kulia faraghani.

"Mama!" Nasr alikuwa anakuja mbio, kanzu kaishika, Badria nyuma yake na viatu mkononi. "Mama, unatuua! Tumekutafuta mpaka chooni! Rahaf, una akili wewe?" Nyuma yao, kwa mwendo wa kiungwana, akaja mkurugenzi wake, mtu mwema, aliyesikia kuwa mama wa Nasr amepotea akataka kusaidia.

Watu walikuwa wamejaa, na hapakuwa tena na pa kujificha. Bimdogo akamwita Turki kwa jina lake lililoandikwa. Alisema kwa Kiarabu, ili baadaye mtu asije akasema hakufahamu.

"Nimekudanganya. Mimi si jirani. Ni dada yake. Baba yetu mmoja, Sleyum, na mama yake ndiye aliyenilea. Nenda kamwambie Bimdogo yuko getini."

Mkurugenzi alitazama mchanga. Nasr alisema, "Amechoka, asikusumbue," lakini Turki alikuwa ameshamtazama bibi kizee yule machoni, akaona hakuna ugonjwa hapo. Akaenda. Walimwona anapanda ngazi ya basi, anainama kwenye kiti cha mbele; Kiarabu cha baba yao Rahila alikuwa nacho. Alikaa humo muda wa kusoma Fatiha. Akarudi polepole kuliko alivyokwenda.

"Hajja, anasema hana dada Oman." Alisita. "Anasema aliwahi kuuliza, akajibiwa kwa maandishi kuwa hapana mtu wa jina hilo. Anasema hati ile anaijua, kwa sababu aliyeiandika ndiye aliyemfundisha yeye kuandika."

Kwa hiyo Rahila alijua. Miaka yote hii alijua ni mkono wa nani. Bimdogo alikuja kukiri jambo ambalo mwenzake amelibeba muda mrefu kuliko umri wa Rahaf.

"Nani aliandika, mama?" aliuliza Nasr. Sauti yake haikuwa ya ofisini tena.

"Mimi. Wewe ulikuwa na miaka tisa. Kalamu ilikuwa yako."

Nasr alikaa juu ya mguu wa saruji wa kile chuma, kanzu yake nyeupe na vumbi lile. Badria alivaa kiatu kimoja akasahau cha pili. Basi likapiga honi. Masanduku yameshapakiwa, milango imefungwa, na kina mama wa kijani wamekaa wanatazama mbele.

Bimdogo alishika magurudumu. Alijisukuma mwenyewe, mara ya kwanza siku ile, viganja vikimuuma, mpaka katikati ya geti, baina ya vyuma viwili. Akapapasa kando ya gurudumu la kulia. Akasukuma. Tak. Akapapasa kushoto. Tak.

Honi ikalia tena, ndefu. Turki alikuja akasimama, mikono haina pa kwenda, maana mama wa watu hagusiki. "Hajja, tafadhali. Wana ndege."

Nasr aliinuka. Alikuja nyuma ya kiti, akashika vishikio, na Bimdogo akaihisi mikono ya mwanawe kupitia chuma.

"Ukinisukuma, Nasr, nitashuka nilale hapa chini. Na mkurugenzi wako anatazama."

Alisubiri. Vishikio vikawa vyepesi. Nasr alikuwa ameviachia, akaja akasimama ubavuni mwake, akilikabili basi pamoja naye. Pengine hakuwa bado amemsamehe, lakini alisimama.

Mlango wa basi ukafunguka kwa kishindo cha hewa. Rahila alitokeza kwenye ngazi, akashuka moja, akabaki pale, mkono mmoja kwenye chuma na mwingine kwenye fimbo. Shikamoo haikuja.

"Mama, tupishe," alisema. Mama, kama anamwambia mpita njia. "Tuna safari."

"Leo Ijumaa, Rahila," alisema Bimdogo.

Taa ya mlango wa basi ilimpiga Rahila usoni, na kidevu chake kikaanza kutetemeka, akakibana.

"Alikufa Jumapili," alisema Rahila hatimaye. "Barua ilifika Alhamisi. Nilimwambia umemsalimu. Nilikaa kitandani pake nikamsomea salamu ambazo hazikuandikwa, ukurasa mzima. Nilizitunga mwenyewe."

"Niliandika mimi," alisema Bimdogo. Ndiyo maneno aliyokuja nayo kutoka Ibra, na sasa yalionekana madogo. "Hakuna aliyenishika mkono. Baba alikuwa ameshakufa."

"Najua."

"Sikuja kuomba kitu."

"Najua. Kuomba hujui." Rahila alifuta pua kwa kiganja, kama alipokuwa mtoto, kisha akakitazama kiti, blanketi, magurudumu. "Huwezi kutembea?"

"Naweza."

"Basi umekaa nini? Simama nikuone."

Siku nzima ile watu wema walikuwa wamemwambia akae. Bimdogo aliliondoa blanketi, akalitupa. Badria akanyosha mkono kumshika, na Nasr akamzuia mkewe taratibu. Magoti yalipiga kelele yao yote. Akasimama katikati ya geti kwa miguu yake miwili, kiti kimefungwa breki nyuma yake, na dereva, baada ya kuwatazama wale wakongwe wawili kwa muda, akanyosha mkono akazima injini.